Mboga za Ng'ambo ya Daraja

Mara ya kwanza yule mama muuza mboga alipokuja kibandani kwangu sikununua kitu. Nilimwambia, "Mama, leo sina haja," nikaendelea kusukuma mahamri. Kapu lake alikuwa ameliweka chini karibu na jiko. Mchicha uliokuwamo ulikuwa na matundu kwenye majani, na tope lilikuwa limeganda kwenye mizizi. Mimi nilizoea mchicha uliokwisha kuoshwa, majani mapana yasiyo na doa. Huu wa kwake nikauona ni wa kulishia kuku. Akajitwika kapu lake, akasema, "Haya mwanangu, Mungu akubariki," akaenda zake juani.

Hiyo ilikuwa Aprili 2020, siku za korona. Waliokuwa Malindi siku zile wanakumbuka mji ulivyokuwa kimya. Hoteli zilifungwa, wageni waliondoka, madereva wa tuktuk walilala ndani ya tuktuk zao mchana kutwa. Kafyu ilianza saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, na Kilifi yetu ilikuwa miongoni mwa kaunti ambazo watu hawakuruhusiwa kuingia wala kutoka. Mimi niliyezoea kuamka saa tisa za usiku kukanda unga nilianza kufungua kibanda jua limeshapanda, na wateja walikuwa wa kuhesabu kwa vidole.

Yule mama alirudi siku ya tatu. Siku hiyo mamangu alikuwa ameketi nami, kwa sababu nyumbani alikuwa akichoka na upweke. Mama alitazama kapu, akanyoosha mkono bila hata kusalimu, akachomoa jani moja jembamba lenye kingo za kukatikakatika. Akalivunja. Likatoa maziwa meupe. Akalinusa, akafumba macho.

"Dada, hii si mtsunga?"

"Ndiyo mtsunga, mwenzangu. Umejiotea wenyewe kwenye mahindi."

"Tangu niolewe sijaila," Mama akasema, na sauti yake ilinishtua. Ilikuwa sauti ya mtu aliyetajiwa jina la mtu wake aliyepotea.

Tulinunua mtsunga wote na mafungu manne ya ule mchicha wenye matundu.

Huyu mama ni Mgiriama wa ng'ambo ya daraja la mto Sabaki. Wajukuu zake humwita Hawe, yaani nyanya, na siku hizi mtaa wetu mzima tunamwita hivyo. Kwa miaka alikuwa akipeleka mchicha, mabenda na biringani kwenye hoteli moja ya huku pwani. Hoteli ilipofunga, ilifunga na pesa zake za miezi mitatu, na mpaka leo hajalipwa. Ndiyo maana alikuwa akizunguka na kapu kichwani, mtu wa umri ule, mji wenyewe hauna wanunuzi.

Niseme habari ya Mama, kwa sababu bila yeye ningeendelea kununua kwa macho.

Mamangu aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka 2019, akiwa na miaka 62. Kabla ya hapo alilalamika kiu, na usiku aliamka mara nne, mara tano kwenda msalani. Sisi tukasema ni joto la kaskazi. Siku alipopimwa kidole hajala kitu, mashine ilisoma 14.2. Muuguzi alinieleza kwamba mtu ambaye hajala akifika 7 tayari hesabu yake ni ya kisukari. Nilitoka pale na karatasi mbili, moja ya vidonge na moja ya vyakula vya kupunguza. Ya vidonge niliielewa. Ile ya vyakula ilinichoma moyo, maana karibu kila kilichoandikwa ndicho kilichokuwa kikitulisha: unga mweupe wa ngano, sukari, mafuta ya kukaangia. Mahamri. Kazi iliyosomesha watoto wangu watatu.

Mwaka ule wa kwanza nilidhani chakula cha mgonjwa ni kitu cha kununuliwa dukani. Nilimnunulia shayiri ya kwenye kopo na biskuti zilizoandikwa hazina sukari. Vilikuwa ghali, na Mama alivila kama anayemeza dawa. Mimi na watoto tulikula wali na mchuzi, yeye anakula vyake pembeni. Mtu mzima, aliyetulea kwa mikono yake, ametengewa sahani kama mgeni. Nikikumbuka jambo lile huwa najuta.

Mtsunga ndio uliomrudisha mezani. Alinituma nichemshe mara moja, nimwage maji ya kwanza kupunguza uchungu, kisha niuchanganye na mchicha, kitunguu, nyanya na tui jepesi. Akatoa maelekezo akiwa ameketi kwenye kigoda, na mara moja akaninyang'anya mwiko. Usiku ule tulikula sote sinia moja.

Hawe akawa anakuja Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Leo majani ya kunde, kesho mnavu, siku nyingine mabenda madogo laini ambayo ukiyavunja ncha yanakatika kwa mlio. Kliniki walikuwa wametuambia nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe wanga, robo iliyobaki samaki au maharagwe. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia mwaka mzima na hayakufanya kazi, kwa sababu nyumbani kwetu mboga ilikuwa kijiko kimoja cha kupambia mlima wa wali. Sukuma na kabeji tulizonunua zilikuja kwa lori kutoka bara, zilikaa njiani, zikakaa sokoni, na zilipofika kwangu nilizitumia kidogo kidogo ili zifike mwisho wa wiki. Mboga ya Hawe haikai. Imechumwa alfajiri, saa mbili iko kwangu, jioni lazima ipikwe ama inyauke na shilingi yangu. Basi tukawa tunapika yote. Sahani ikageuka bila mtu kuhubiriwa.

Baadaye nilielezwa kwamba vitamini C ya jani hupungua kadiri jani linavyokaa baada ya kuchumwa, na joto kama letu huharakisha. Nilielezwa pia kwamba ile rangi iliyomo kwenye mboga za majani, ambayo mwili huigeuza vitamini A, haifyonzwi vizuri pasipo mafuta kidogo. Nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama, ambaye hakuwahi kupika mchicha bila nazi. Sisi tulikuwa tukidhani ni utamu tu. Ila kwa Mama natumia tui la pili, lile jepesi linalotoka machicha yakikamuliwa tena, kwa sababu tui zito nalo ni mafuta mengi kwa mtu mwenye pressure pia, kama yeye.

Sasa nieleze kosa tulilofanya, maana naona wengi wanalifanya.

Ramadhani ya mwaka ule ilianza wiki ya mwisho ya Aprili. Daktari alimkataza Mama kufunga, lakini futari alikula nasi. Hawe alikuwa na mhogo, kibandameno wa kweli, ule mtamu usio na uchungu, ukimenya unang'aa kama nta. Mhogo hauna subira. Ukiung'oa leo, siku mbili tatu tu utaona michirizi ya buluu inaingia ndani, na hapo umekwisha. Kwa hiyo mhogo mzuri ni wa aliye karibu na shamba, na mwezi ule tulikuwa karibu kuliko wakati wowote. Muhogo wa nazi ulipikwa kila magharibi. Mama alikula bakuli, akaongeza bakuli. Nami nikimwona nilifurahi, nikisema moyoni kwamba hiki ni chakula cha shamba, hakina kemikali, hakiwezi kumdhuru.

Wiki mbili baadaye sukari yake ilisoma 16.8.

Daktari hakukasirika. Aliuliza tumekula nini, nikamweleza kwa fahari habari ya Hawe na shamba la Sabaki. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Mama. "Mhogo ni wanga, Bibi. Haujali umelimwa na nani."

Nimelibeba neno lile. Chakula cha jirani kinaweza kuwa kibichi, kikawa salama, kikamlisha aliyekilima, na bado kikawa kingi kupita kiasi kwa mwili wa mgonjwa. Tangu siku ile mhogo wa Mama ni vipande viwili ukubwa wa kiganja, pembeni ya mboga tele na samaki. Hajakatazwa. Anapimiwa.

Na kosa la pili lilikuja mlangoni mwezi wa Julai. Jirani mwenye nia njema alimwambia Mama aache vidonge atafune majani ya mlonge, kwamba fulani amepona. Siku tisa Mama hakumeza kidonge hata kimoja. Niligundua nilipofagia chini ya kitanda nikakuta vyote vimeviringwa kwenye kitambaa. Mlonge tunaupika kwetu, ni mboga nzuri, nami ninao mti mmoja uani. Lakini namwomba kila anayesoma hapa, kwa jina la Mungu: mboga iwe mboga, na dawa ya kliniki iendelee kuwa dawa. Tulivyofanya vyote viwili pamoja, kipimo kile cha miezi mitatu, ambacho husoma sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu za damu, kilishuka kutoka asilimia 10.4 hadi 7.6 ndani ya mwaka mmoja na miezi kadhaa. Daktari alimpa Mama mkono.

Alimwambia pia atembee. Jioni, kusi likivuma na jua limepoa, tunatoka mtaani kwetu Shela taratibu mpaka karibu na nguzo ya Vasco da Gama, tunakaa kidogo, tunarudi. Watalii huja pale kupiga picha. Mimi hukumbuka Januari 1499, mabaharia wale walipokuwa wakirudi kutoka India, baada ya karibu miezi mitatu baharini bila jani wala tunda. Kiseyeye kilikuwa kimewaua watu wapatao 30 njiani, ufizi umevimba, miguu imejaa. Walipofika hapa Malindi, jambo mojawapo la mwanzo lilikuwa kumtuma mtu pwani akatafute machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Machungwa ya mashamba yetu. Yaliletwa kesho yake, na bado wengi walikufia hapa hapa, kwa kuwa miili ilishachoka mno. Nilipomsimulia Mama, alinyamaza, akatazama bahari, akasema, "Masikini, walichelewa kula."

Binti yangu mkubwa alipokuwa na mimba mwaka 2021, kliniki walimkuta na damu 9.1. Mjamzito akiwa chini ya 11 huhesabiwa ana upungufu. Alipewa vidonge vya madini ya chuma, naye akavinywa. Muuguzi akaongeza jambo ambalo mimi, muuza chai kwa miaka 18, sikuwahi kulisikia: chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza chuma iliyomo kwenye mboga na kunde. Asubiri kama saa moja baada ya kula. Na akamulie ndimu kwenye mboga, maana ndimu hufanya kinyume chake, husaidia ile chuma iingie. Nilirudi kibandani nikakaa nikitazama birika langu. Wateja wangu hula mbaazi kwa chai kila asubuhi ya Mungu. Siwezi kuwanyang'anya chai, lakini tangu siku hiyo kila meza ina kisahani cha ndimu, na mama mjamzito akija humwambia pole pole, "Mwanangu, kula kwanza, chai nitakuwekea." Kuna waliochukia. Wengi wameshukuru. Binti alijifungua salama, damu ikiwa 11.3, mtoto wa kiume, na kunde za Hawe zimo katika damu ile pamoja na vidonge.

Kazi yangu yenyewe ilibadilika mwaka 2022, na sikuibadilisha kwa hiari. Februari vita vilizuka Ukraine. Mimi sikujua kwamba vita vya huko vitaingia kwenye karai langu. Kenya huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini, na Urusi na Ukraine ni miongoni mwa nchi ilikokuwa ikitoka. Unga ukapanda, mafuta ya kupikia yakapanda zaidi. Hamri nililouza shilingi 10 likawa dogo, kisha dogo zaidi, mpaka mteja mmoja mzee alilishika kwa vidole viwili akaniangalia bila kusema neno. Niliona haya.

Nilimwomba Hawe viazi vitamu na mhogo, kila asubuhi, vya kuchemsha. Nikaviweka kwenye sufuria kubwa karibu na mbaazi, vikifukiza. Juma la kwanza niliuza sahani nne kwa siku, zilizobaki tukala nyumbani. Waliozoea mahamri walisema viazi ni vya futari, si vya staftahi. Ila watu wa mjengo na wa bodaboda waligundua kwamba kiazi kinawafikisha saa saba mchana bila njaa, nao ndio walionijengea soko. Mahamri sijaacha. Ni chakula chetu, na siku ya sikukuu nyumba isiyonukia iliki si nyumba. Lakini sasa ni nusu ya biashara.

Mwaka huo huo ulikuwa wa ukame. Mvua zilikuwa zimekosa misimu mitano mfululizo, na pande za Ganze na Magarini watu walikuwa wakipanga foleni ya chakula cha msaada. Nilijiuliza Hawe analimaje. Jumapili moja nikapanda matatu nikavuka daraja.

Sitasahau nilichokiona. Shamba lote halizidi ekari moja na nusu, kwenye mteremko unaoingia mtoni. Maji yanavutwa kwa pampu ndogo ya kukodi, na mafuta ya pampu ndiyo gharama kubwa kuliko mbegu. Pampu ikiharibika, wanachota kwa ndoo, huku mmoja amesimama akitazama maji kwa ajili ya mamba. Kwenye matuta ya mwisho nilikuta mashimo makubwa ya miguu, kila moja ungeweza kuweka sufuria ndani yake. Viboko hupanda usiku. Usiku mmoja wanaweza kumaliza mahindi ya miezi mitatu, na mwanawe wa kiume hulala kwenye kidungu akipiga debe. Haya yote yako nyuma ya fungu la mchicha ambalo mimi nilikuwa nikiomba niongezewe shina moja la bure.

Nilimuuliza habari ya dawa za wadudu. Yeye hunyunyiza jivu, na maji ya majani ya mwarobaini yaliyolowekwa usiku kucha. Ndiyo sababu ya yale matundu. Lakini hakunificha: kwenye nyanya na biringani hununua dawa ya dukani, kwa sababu jivu haliwawezi wale wadudu. Akaniletea chupa. Kwa maandishi madogo nyuma palikuwa na idadi ya siku za kungoja kati ya kunyunyiza na kuchuma. Hawe hasomi. Mjukuu wake alikuwa amemsomea, naye hufunga kitambaa kwenye mti wa mwisho wa mstari kuhesabu siku. Jirani yake mmoja, alisema kwa huzuni, hunyunyiza leo akauza kesho, kwa kuwa dalali akija na lori hangoji kitambaa.

Nimejifunza kuuliza. Neno "ya kienyeji" haliniambii kitu mpaka nijue imenyunyizwa lini na imemwagiliwa maji gani. Sabaki ni ule ule mto Athi unaoanzia nyanda za juu na kupokea maji ya mto Nairobi, uchafu wote wa jiji ukiwamo, kabla ya kukutana na Tsavo, kuitwa Galana na hatimaye kufika kwetu. Kwa hiyo mboga ninaosha maji matatu, na kachumbari ya wateja natumia maji ya kuchemshwa. Hawe mwenyewe ndiye aliyenishauri.

Siku ile ndipo nilipofahamu pia kwa nini anakopa kwa madalali. Mbegu na mafuta ya pampu vinatakiwa leo, mchicha unalipa baada ya wiki tatu hadi nne, mhogo baada ya miezi minane au zaidi. Dalali anampa pesa sasa, na siku ya kuvuna anataja bei yake. Nilirudi nikazungumza na wanawake wenzangu wa mtaani. Tukawa nyumba saba. Kila nyumba inatoa shilingi 300 kwa wiki, tunatanguliza ya wiki tatu, naye anatuletea makapu. Hatuchagui. Akileta mnavu tunakula mnavu, na siku zilizojaa maboga tunakula maboga mpaka watoto walie. Hili lilitusumbua kuliko pesa. Tulikuwa tumezoea kuamua kwanza tunataka kula nini ndipo tutoke kukinunua. Ilichukua karibu miezi sita mikono yetu kujifunza kinyume chake, kutazama kapu kisha ndipo tuulize sufuria.

Halafu ikaja Novemba 2023. Baada ya ukame wote ule, mvua za El Niño. Mto ulivunja kingo usiku. Tulikuwa tumempa Hawe shilingi 6,300 wiki iliyotangulia, nazo zilikuwa zimeshakuwa mbegu, na mbegu zimeshakuwa miche mirefu kama kidole. Simu yake haikupatikana siku nne. Siku ya tano alikuja, hana kapu, viatu mkononi, miguu imejaa tope mpaka magotini. Alisimama mlangoni mwa kibanda hakutaka kuketi.

"Mwanangu, shamba limekwenda baharini."

Tulikaa wanawake saba usiku ule kwangu. Sikuwa na hakika ya kusema. Mmoja wetu alitaka pesa yake, na hakuwa na kosa, mumewe alikuwa hana kazi. Tukamrudishia 900 zake kutoka mfukoni mwetu, akatoka. Sita tuliobaki tuliulizana: angekuwa dalali angefanyaje? Angedai. Hoteli ingefanyaje? Ingetafuta mkulima mwingine. Mama ndiye aliyelimaliza. Alikuwa kwenye kona na tasbihi yake, hatukujua kama anasikiliza. Akasema, "Miaka mitatu huyu ameniletea chakula. Hii ni wiki moja."

Tulimpelekea unga wa sima, mchele kidogo na nguo za watoto, maana walikuwa wamelala shuleni pamoja na jamaa wengine wa kando ya mto. Maji yalipopungua yaliacha tope laini jeusi, nene kama unga uliokandwa. Hawe alipanda mchicha juu yake Januari. Sijaona mchicha wa namna ile, majani kama mkono wa mtu mzima. Tukala mpaka Machi. Mwishoni mwa Aprili 2024 mto ukapanda tena, akapoteza sehemu ya chini yote. Safari hii alikuwa amekwisha kuhamisha mhogo, mbaazi na kunde kwenye mteremko wa juu, na pale chini alikuwa ameweka mboga za wiki tatu tu. "Mto nimeuachia sehemu yake," aliniambia.

Zile 6,300 sisi tulikwisha kuzisahau. Yeye hakuzisahau. Alizigawanya mwenyewe kichwani zikawa makapu 12, na ukutani mwa kibanda changu, nyuma ya mlango, alichora mistari 12 kwa mkaa. Nilimkatalia. Nilimwambia, "Hawe, ile ilikuwa mvua ya Mungu, hudaiwi." Akanitazama kama aliyetukanwa. Tangu hapo, kila msimu ukimwendea vizuri, huleta kapu moja juu ya yale ya kawaida, halina bei, na akishalitua huchukua kipande cha mkaa jikoni, akakata mstari mmoja. Wateja wapya huniuliza hesabu ile ni ya nini. Nilipopaka rangi kibanda mwaka jana nilimwambia fundi auzunguke ukuta ule.

Jumatano iliyopita alileta la tisa. Lilikuwa la mtsunga mtupu, maua yake madogo ya manjano hayajafunga, na Mama alishaanza kuuchambua kabla Hawe hajamaliza kukata mstari.